Wageni wa Udongo wa Buha

Mahindi, mihogo na maharage ndiyo chakula cha kila siku Rungwe Mpya na katika vijiji vingine vya Kasulu na Kibondo, huku Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, na yote matatu asili yake ni Amerika. Mtama na ulezi vilitangulia. Maharage, tena, hayakuja peke yake. Bakteria aitwaye Rhizobium etli, anayejenga vinundu kwenye mizizi na kuigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, ameonekana akisafiri juu ya ganda la mbegu. Mkulima wa Kiha wa zamani aliyepewa konzi ya maharage na jirani yake huenda alipanda viumbe wawili kwa mpigo mmoja wa jembe.

Soya haikupata bahati hiyo. Aina zake nyingi zikipandwa Afrika Mashariki hazimkuti bakteria wa kushirikiana naye, ndiyo maana Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilitengeneza chanjo ya mbegu iitwayo Nitrosua. Kila zao geni, basi, lina masharti yake na vijidudu vya udongo.

Lakini kilichoutikisa udongo wa Buha zaidi ya mbegu yoyote ni kuhamishwa kwa watu. Kuanzia 1933, ugonjwa wa malale ulipotishia, serikali ya Waingereza iliwakusanya wakazi waliotawanyika katika makazi ya pamoja, mbali na misitu ya mbung'o. Miaka karibu 40 baadaye ikaja Operesheni Kigoma ya 1972, na familia zikahamia vijiji vya ujamaa. Shule na zahanati zilisogea karibu. Mashamba ya zamani yakabaki mbali. Desturi ilikuwa kulima kipande miaka michache, kisha kukiacha kirudi kichaka, majani yaoze na kuvu wajijenge upya. Watu wakishabanwa mahali pamoja, eneo la jirani hulimwa mwaka hadi mwaka. Ardhi nyekundu yenye asidi haivumilii hilo kwa muda mrefu bila samadi. Kambi za wakimbizi, Nyarugusu ya mwaka 1996 ikiwemo, ziliongeza mahitaji ya kuni na ardhi.

Historia hii haikusikika sana mjadala wa mbegu zilizobadilishwa vinasaba ulipopamba moto nchini Tanzania.

Oktoba 2016, watafiti walipanda mahindi ya majaribio Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio, chini ya mradi wa utafiti wa mahindi uitwao WEMA. Mahindi hayo yalikuwa na jeni ya kuvumilia ukame. Baadaye yakaja yenye jeni ya Bt pia, inayoua funza wa mabua. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba jeni zote mbili zilichukuliwa kwa bakteria wanaoishi udongoni: ya ukame kwa Bacillus subtilis, ya pili kwa Bacillus thuringiensis, aliyegunduliwa Japani mwaka 1901. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe, ikisema matokeo yanasambazwa bila idhini ya serikali. Januari 2021 waziri wa kilimo wa wakati huo, Adolf Mkenda, akatangaza kusitisha utafiti wa aina hiyo. Sababu ya 2018 ilikuwa utaratibu, si hali ya udongo.

Udongo wenyewe ulikwisha kuulizwa kwingineko. Mwaka 1998, maabara ya Guenther Stotzky mjini New York ilionyesha kuwa sumu ya Bt ikishikamana na mfinyanzi hubaki na nguvu hata siku 234. Mwaka uliofuata timu yake ikaonyesha kuwa mizizi ya mahindi hayo huivujisha sumu hiyo ardhini. Habari hizo zilitisha, na zilistahili kutisha. Ndipo vipimo vya mashambani vikafuata, ukiwemo mradi wa ECOGEN wa Ulaya uliofanya kazi Denmark na Ufaransa. Tofauti kati ya mahindi ya Bt na ya kawaida zilionekana, ila zilikuwa ndogo zikilinganishwa na zile zinazoletwa na msimu, aina ya udongo, namna ya kulima, hata aina ya mahindi yenyewe.

Majibu ya Denmark hayatoshi kwa Kasulu, hasa kwa muhogo. Mizizi yake ina vinyweleo vichache, hivyo hutegemea sana kuvu wa mikoriza kuitafutia fosforasi, madini ambayo ardhi nyekundu huyang'ang'ania. Zao hilo limeumizwa na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, na ng'ambo ya mpaka dawa mojawapo imeshaandaliwa: mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa bioteknolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo uliobadilishwa vinasaba kustahimili michirizi ya kahawia uendelee na hatua za kuutoa nje ya uzio.

Muhogo huo ukibisha hodi Kigoma, usipimwe Dodoma wala Ulaya peke yake. Upandwe kwenye udongo wa Kasulu, kandokando ya muhogo wa kienyeji, shamba lililochoka na lililopumzishwa, na kuvu wa mizizini wahesabiwe kabla ya mwanasiasa yeyote kusimama jukwaani.