Kikombe chenye jina lako: safari ya Starbucks kutoka kaunta hadi simu

Februari 14, 2007, Howard Schultz, wakati huo mwenyekiti wa Starbucks, aliwaandikia viongozi wenzake waraka ambao siku chache baadaye ulivuja na kusomwa dunia nzima. Kampuni ilikuwa na maduka yapatayo 13,000, na faida ilikuwa nzuri. Hata hivyo, mojawapo ya mambo yaliyomkera ni kimo cha mashine. Ili kuharakisha kazi, maduka yaliwekewa mashine za espreso zinazojiendesha, na zilikuwa ndefu kiasi kwamba mteja aliyesimama kaunta hakumwona tena anayemtengenezea kahawa, wala mtengenezaji hakumwona mteja. Foleni ilikwenda haraka kuliko zamani. Lakini watu wawili waliokuwa wakitazamana sasa walikuwa na ukuta wa chuma katikati yao.

Waraka ule unanigusa kwa sababu Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kuueleza: kuzoea na kuzoeana. Mtu huzoea duka kwa kuwa liko njiani, au kwa kuwa bei yake haimuumizi. Kuzoeana ni mpaka awepo mtu wa upande wa pili. Starbucks ilijengwa juu ya kuzoeana, halafu ikagundua utajiri uliomo katika kuzoea, na leo inahangaika kurudi ilikotoka.

Duka la kwanza lilifunguliwa mwaka 1971 jijini Seattle, eneo la soko la Pike Place. Waanzilishi walikuwa watatu: Jerry Baldwin na Zev Siegl, waliokuwa walimu, na Gordon Bowker, mwandishi. Walijifunza ufundi wa kukaanga buni kwa Alfred Peet, Mholanzi aliyekuwa na duka lake Berkeley, California. Hawakuuza kahawa ya kunywa dukani. Waliuza buni zilizokaangwa, mteja akasage na kupika mwenyewe nyumbani.

Schultz aliajiriwa mwaka 1982. Mwaka uliofuata alisafiri kikazi hadi Milano, Italia, na huko, kila alikopita, aliona vibanda vya espreso. Mtengenezaji kahawa, yule Waitaliano wanayemwita barista, alikuwa akisaga, akikamua, akimsalimu huyu kwa jina na kumsogezea yule kikombe chake cha kila siku kabla hajaagiza. Schultz alirudi Seattle na wazo moja kichwani, lakini mabosi wake hawakulitaka. Walimruhusu ajaribu kibanda kidogo ndani ya duka moja la katikati ya mji mwaka 1984. Wateja walijaa, mabosi wakabaki na msimamo wao. Akatoka, akafungua mgahawa wake mwenyewe, Il Giornale, mwaka 1986. Agosti 1987 aliinunua Starbucks yenyewe kwa dola milioni 3.8.

Alichokiona Milano si kigeni kwetu watu wa pwani. Kuna mzee wa kahawa niliyekuwa nikimkuta jioni Mji wa Kale, Mombasa, dele lake la shaba juu ya makaa, vikombe vidogo vikigonganagongana mkononi. Mara ya tatu kuniona hakuniuliza kitu. Alinitilia nusu kikombe na kuniambia, "Mwanangu, ya usiku ni hii, ukilala na kikombe kizima hutalala." Nilikuwa nimemweleza mara moja tu, wiki mbili nyuma, kwamba kahawa kali huninyima usingizi. Tangu siku hiyo nilikuwa nikizunguka mitaa miwili zaidi ili nipitie kwake. Mwaka 1989 mwanasosholojia Mmarekani Ray Oldenburg aliandika kitabu kuhusu mahali pa tatu, pasipo nyumbani wala kazini, ambapo watu hukutana bila miadi. Nasi tuna neno lake tangu zamani: baraza. Starbucks ililishika wazo hilo na kulifanya shina la biashara yake, ikaweka viti vya kukaa muda mrefu na kumwachia mteja meza hata kikombe kikishakauka.

Kuzoeana kunataka mhudumu asiyebadilika kila mwezi. Schultz alilielewa hilo kwa uchungu wa nyumbani kwao. Alikulia katika nyumba za serikali mtaani Canarsie, Brooklyn, na alikuwa mtoto wakati baba yake, dereva wa gari la kusambaza nepi, alipovunjika mguu kazini na kukaa nyumbani bila mshahara wala bima. Mwaka 1988 Starbucks ilianza kuwapa bima ya afya hata wafanyakazi wa muda waliofanya kazi saa 20 kwa wiki, jambo lililokuwa nadra sana Marekani kwa kazi kama hizo. Mwaka 1991 ikawagawia hisa. Kwa maoni yangu, hizo ndizo hatua mbili zilizowaleta wateja wengi wa kudumu kuliko tangazo lolote: ukimkuta barista yuleyule leo, mwezi ujao na mwakani, atakujua.

Kisha ikaja kadi. Novemba 2001 Starbucks ilianza kuuza kadi ya plastiki inayowekwa salio kabla ya kununua. Kahawa haijasagwa, pesa imeshaingia. Mteja mwenye salio la dola 12 mfukoni, akitaka kahawa, hana sababu ya kuingia kwa jirani. Miaka ishirini baadaye, pesa ambazo wateja wameweka na bado hawajazinywa zilikuwa zaidi ya dola bilioni 1 katika vitabu vya kampuni, na mwenye pesa halipwi riba.

Hofu ya ule waraka wa 2007 ilitimia upesi. Mauzo yalishuka, Schultz akarudi kuwa mtendaji mkuu Januari 2008, na jioni ya Februari 26 maduka 7,100 ya Marekani yalifungwa milango kwa takriban saa tatu ili mabarista wafundishwe upya kukamua espreso. Mwaka huohuo zilianza kuletwa mashine mpya kutoka Uswisi. Zilikuwa fupi, kusudi watu waonane tena.

Desemba 2009 ulianzishwa mpango wa nyota. Kila uliponunua, hata kitu cha bei ndogo, ulipata nyota moja. Aliyefikisha 30 kwa mwaka alitumiwa kadi ya rangi ya dhahabu iliyochapwa jina lake. Ilipofika Januari 2011, wateja wa maduka karibu 6,800 ya kampuni nchini Marekani waliweza kulipa kwa kuonyesha mistari myeusi kwenye kioo cha simu, mashine ikaisoma. Wakenya walikuwa wakitumiana pesa kwa M-Pesa tangu 2007, kwa hiyo kulipa kwa simu kwenyewe hakukuwa ajabu kwetu. Kipya ni kwamba malipo, salio na nyota vilikaa ndani ya programu moja, nayo iliandika kila kitu: unakunywa nini, saa ngapi, duka gani, na lini uliacha kuja. Mteja aliyepotea kwa wiki mbili aliweza kutumiwa ofa ya kinywaji akipendacho, bila mtu yeyote kumkumbuka. Alikumbukwa na hesabu. Baadaye kazi hiyo ilikabidhiwa akili mnemba, mfumo ambao kampuni iliuita Deep Brew mwaka 2019.

Aprili 2016 hesabu hiyo ilionyesha meno. Kwa kuwa nyota ilitolewa kwa kila manunuzi, wateja wengine walikuwa wakiomba kahawa ipigiwe risiti yake na keki yake, foleni ikichelewa. Kampuni ikabadili: nyota 2 kwa kila dola, na zawadi kwa nyota 125. Piga hesabu ya mtu anayekunywa kahawa tupu ya dola 2. Awali, kwa nyota moja kila mara, zawadi ilimfikia akija mara 12. Sasa angepaswa kuja mara 32. Aliyenunua vinywaji vya bei kubwa alinufaika, na yule aliyekuja kila asubuhi bila kukosa, mteja wa kuzoeana hasa, aliona ameshushwa cheo. Malalamiko yalikuwa makubwa, na naamini yalikuwa ya haki.

Wakati huo oda za simu zilikuwa zimeshaanza: Portland, Oregon, Desemba 2014, na Marekani yote Septemba 2015. Unaagiza ukiwa njiani, unakuta kikombe kinakungoja. Tatizo ni kwamba foleni ya simu haionekani. Mtu anaingia dukani, anakuta watu watatu tu, anafurahi. Hajui kwamba nyuma ya kaunta mashine inatema lebo moja baada ya nyingine, vikombe 20 vimepangwa, na barista hana nafasi ya kuinua macho. Mapema 2017 viongozi walikiri kwamba msongamano wa oda hizo ulikuwa unawafanya wengine wageuke na kuondoka.

Na kuna jeraha ambalo programu isingeweza kulizuia. Aprili 12, 2018, wanaume wawili weusi walikaa katika Starbucks ya Philadelphia wakimsubiri mwenzao, hawajanunua kitu. Meneja aliita polisi, na wanaume hao wakafungwa pingu. Mei 29 kampuni ilifunga zaidi ya maduka 8,000 kwa mafunzo kuhusu ubaguzi, ikiwa imeshatangaza kwamba yeyote anaweza kukaa bila kununua. Januari 2025 ruhusa hiyo iliondolewa. Kwangu hilo ni pigo, kwa sababu baraza la kulipia si baraza.

Mwanzoni mwa 2024 wanachama hai wa mpango wa nyota Marekani walikuwa milioni 34.3. Hata hivyo mauzo yaliyumba mwaka huohuo, na Septemba akaletwa mtendaji mkuu mpya, Brian Niccol kutoka kampuni ya migahawa ya Chipotle. Aliahidi kikombe ndani ya dakika nne. Pamoja na ahadi hiyo akarudisha vikombe vya kauri kwa wanaokaa, na akaagiza kalamu za wino mzito. Mabarista waliambiwa waandike jina au neno la salamu kwa mkono, hata kwenye kikombe ambacho lebo yake imeshachapwa na mashine.

Baadhi yao walijibu kwamba hawana muda wa kuandika. Wafanyakazi wa Buffalo, New York, waliopiga kura kuunda chama Desemba 2021, walikuwa wameshalalamikia uchache wa mikono kaunta. Mwaka 2025 kampuni ilitangaza kutenga zaidi ya dola milioni 500 za kuongeza saa za kazi madukani, ili asubuhi, oda zinapofurika, awepo mtu wa pili wa kushika maziwa wakati wa kwanza anaandika jina.