UZAZI: Jinsi ya kutuliza mwili na akili wakati wa kujifungua

MWANAMKE mjamzito wa Kutus, Kaunti ya Kirinyaga, husikia mengi kadiri siku zake zinavyokaribia. Sokoni, kanisani na hata ndani ya matatu ya kuelekea Kerugoya, kila aliyezaa ana kisa chake, na visa vinavyosimuliwa sana ni vile vya kutisha. Siku ya kwenda hospitalini inapofika, hofu huwa imemjaa kabla hata uchungu wenyewe haujaanza.

Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 1933, daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alichapisha kitabu ambamo alieleza kuwa hofu huukaza mwili, mwili uliokazwa huumia zaidi, nayo maumivu huzidisha hofu. Wataalamu waliomfuata hawakuafikiana naye katika kila jambo, hasa alipodokeza kuwa uzazi wa kawaida haukupaswa kuuma. Hata hivyo, mzunguko huo alioueleza ungali msingi wa mafunzo mengi ya uzazi tulivu.

Mwenye hofu hutoa kwa wingi homoni ya adrenalini, ile ile inayomwezesha mtu kukimbia hatari. Moyo hupiga mbio, pumzi hukatika na misuli hukazana. Adrenalini ikizidi, inaweza kuipunguzia nguvu oksitosini, homoni inayousukuma mji wa mimba kujikaza na kujiachia hadi mtoto atoke. Hapo kazi huenda ikachukua muda mrefu, na mama akachoka mapema.

Ndiposa zikabuniwa mbinu za kujituliza, mojawapo ikiwa hipnosisi ya kujifanyia. Jina hili huwatia wengi shaka, wakidhani ni mazingaombwe au nguvu za giza. La hasha! Ni hali ya kuzamisha fikira katika jambo moja hadi mengine yasikike kwa mbali, kama anayesoma kitabu kitamu asisikie akiitwa. Mama hulala usingizi wala hatawaliwi na mtu? Hapana: yu macho, anasikia, na anaweza kuinuka wakati wowote.

Mazoezi yaanze mapema, tuseme kuanzia mwezi wa saba wa ujauzito, dakika 15 au 20 kila siku. Mama aketi au alale kwa ubavu, afumbe macho, avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, kisha aitoe polepole akihesabu hadi sita au nane. Pumzi ya kutoka ndiyo yenye dawa. Iwe ndefu kuliko ya kuingia. Baadaye ailegeze misuli sehemu moja baada ya nyingine: paji la uso, taya, mabega, viganja, tumbo, mapaja, nyayo. Taya lisisahauliwe, kwani wengi husaga meno bila kujua.

Mwili ukishalegea, ahesabu kutoka kumi kurudi hadi moja, akijiambia kwamba kila nambari inamzamisha zaidi katika utulivu. Kisha ajichoree mahali panapompendeza. Mkazi wa Kutus hana haja ya kuwaza ufuo wa bahari ambao pengine hajauona. Maji ya mto Thiba yakiingia taratibu katika mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mwea yanatosha. Mwishoni achague neno au ishara, kwa mfano kugusanisha kidole gumba na cha shahada, na kuirudia kila siku. Lengo ni kwamba siku ya kujifungua, ishara hiyo iukumbushe mwili ulichozoea. Mwenye imani anaweza kutumia sala fupi au ubeti wa wimbo wa kanisani.

Maneno nayo yana uzito. Walimu wengi wa mbinu hizi Ulaya na Marekani huwafunza akina mama kuliita kila bano la tumbo wimbi, ili waone kuwa linapanda, linafika kilele na kushuka. Sisi tunaliita uchungu, jina ambalo tayari linauma. Lakini lugha hiyo hiyo imetupa neno kujifungua, nalo linaeleza barabara kinachotendeka: mlango wa mji wa mimba unafunguka kidogo kidogo. Mama anayejiambia “ninafunguka” hasemi uongo.

Je, mbinu hizi zinafaa kweli? Ahadi za uzazi usio na maumivu zichukuliwe kwa tahadhari. Uchambuzi wa shirika la Cochrane wa mwaka 2016, uliojumuisha majaribio tisa na karibu wanawake 3,000, ulionyesha kuwa hipnosisi huenda ikapunguza matumizi ya dawa za maumivu kwa jumla, ila si sindano ya ganzi ya mgongoni. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2015, lililohusisha wanawake 680, liligundua kuwa waliotumia sindano hiyo walikuwa karibu sawa: asilimia 28 miongoni mwa waliofunzwa hipnosisi na asilimia 30 miongoni mwa wengine. Tofauti ilijitokeza kwingine. Wiki mbili baada ya kujifungua, waliofunzwa walisema kuwa hofu na wasiwasi waliopitia ulikuwa mdogo kuliko walivyotarajia.

Kwa mwanamke wa Kirinyaga, matokeo hayo yana maana nyingine kabisa. Sindano ya mgongoni haipatikani kwa urahisi kwa mama anayejifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali nyingi za umma nchini, hivyo suala la kuikataa halipo. Kilichopo ni mama, mkunga mwenye wagonjwa wengine, na saa kadhaa za kungoja. Hofu inayopungua hapo ni faida kubwa, hata maumivu yakibaki.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linapendekeza mbinu za kupumua, kulegeza misuli, muziki, kukandwa na vitambaa vya moto kwa mama mwenye afya anayetaka kupunguziwa maumivu. Linapendekeza pia awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe. Wodi zetu zina vitanda vilivyokaribiana, na si kila mahali mwenzi huruhusiwa kuingia; ni vyema kuuliza mapema kliniki. Akiruhusiwa, awe mama mzazi, dada au mume, afunzwe kuhesabu pumzi na kukanda kiuno. Kwa kuwa wodini kuna vilio na vishindo, mazoezi mengine yafanywe penye kelele nyumbani, watoto wakicheza na redio ikilia.

Mbinu hizi hazichukui nafasi ya mkunga wala hospitali. Sensa ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa wanawake 355 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini, na kuvuja damu au shinikizo la damu halitibiwi kwa pumzi. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, degedege au homa ikitokea, maji ya uzazi yakiwa ya kijani au mtoto akipunguza kucheza, mama asikae akijituliza. Apelekwe hospitalini mara moja. Naye aliyewahi kuugua maradhi makali ya akili au kifafa amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi ya hipnosisi.

Wapo wanaojilaumu wanapolazimika kufanyiwa upasuaji baada ya miezi ya mazoezi. Hawana kosa, kwani kutulia hakumgeuzi mtoto aliyekaa vibaya. Pumzi ile ile ya kuhesabu nne na nane hufaa pia anapongoja kuingizwa chumba cha upasuaji, na anapochomwa sindano ya ganzi akitakiwa asitikisike.