Fahamu riakta ya vidonge kwenye tangi la matumbawe, na jinsi ya kuirekebisha umeme usikuletee maafa

Mtu wa Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda, akitaka kufuga samaki wa baharini na matumbawe sebuleni, hesabu ya kwanza ni chumvi. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, kwa hiyo maji lazima ayatengeneze mwenyewe.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 200 linataka kilo 7. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, unamwaga gramu 700 kila wiki. Na si chumvi ya mezani: hata ile nzuri ya Uvinza karibu yote ni sodiamu kloraidi, wakati matumbawe yanahitaji pia magnesiamu (karibu miligramu 1,300 kwa lita) na kalsiamu (zaidi kidogo ya 400). Inatakiwa chumvi maalumu ya paketi, ambayo inaagizwa, na nauli yake unaijua.

Sababu kubwa ya kumwaga maji hayo ni naitreti. Chakula na kinyesi cha samaki hugeuka amonia, kisha naitraiti, mwisho naitreti, nayo hujilimbikiza. Riakta ya vidonge inapunguza kasi hiyo.

Inavyofanya kazi

Ni mrija wa plastiki uliosimama wima. Ndani kuna vidonge vyenye ukubwa wa choroko, vilivyotengenezwa kwa plastiki inayoliwa na bakteria, mara nyingi aina ya PHA. Pampu inasukuma maji kutoka chini na vidonge vinachemka taratibu kama maharage jikoni.

Tangini bakteria huwa na naitreti ya kutosha ila wanakosa kaboni. Vidonge vinawapa kaboni, wanazaliana, na katika kukua wanameza naitreti na fosfeti. Utando wao unabanduka vipande vipande, unakwenda kwenye kichujio cha povu, na povu linautoa nje. Bila kichujio cha povu kazi haijakamilika: umehamisha uchafu tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye bakteria, na wakifa unarudi palepale.

Jambo moja watu wengi hawaambiwi dukani: bakteria hula naitrojeni nyingi sana kuliko fosforasi, kwa uwiano wa kama 16 kwa 1. Naitreti ikiisha kwanza, fosfeti inabaki, na mara nyingi utaona utando mwekundu unaoteleza juu ya mchanga. Hapo usiongeze vidonge. Punguza, na fosfeti uitoe kwa chenga za oksaidi ya chuma.

Riakta ya dukani inakwama wapi

Kwanza ni wavu wa juu. Nyingi zina sponji au wavu mwembamba unaozibwa na utelezi ndani ya siku chache. Toa sponji, weka wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita 2 hivi; vidonge havipiti, utelezi unapita.

Pili ni kitako bapa. Pembeni vidonge havizunguki, vinagandana kuwa donge, na katikati ya donge hewa inaisha. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyogeuzwa kichwa chini, maji yakiingilia shingoni, haina kona hizo, na ukweli ni kwamba inazungusha vizuri kuliko riakta nyingi za bei. Weka tu valvu ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo pampu ikizimika vidonge vitashuka hadi kwenye pampu.

Marekebisho yenye faida kubwa zaidi ni kutenganisha mzunguko na mtiririko. Kwenye riakta ya kawaida pampu moja inafanya yote: ukitaka vidonge vizunguke, lazima maji mengi yapite. Weka pampu ya pili inayovuta maji juu ya riakta na kuyarudisha chini ya riakta hiyohiyo. Maji ya tangi yaingie kwa mrija mwembamba wenye koki. Sasa vidonge vinachemka wakati wote, na wewe unaamua kwa koki kasi ya kuondoa naitreti. Ukibana sana, maji yanayotoka yatanuka yai viza. Fungua kidogo, mara moja. Mdomo wa kutokea uuelekeze kwenye mlango wa kichujio cha povu.

Anza na robo ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti na pima kila wiki. Matokeo huchukua wiki kadhaa. Naitreti ikishuka ghafla hadi sifuri matumbawe hupauka, na yale ya matawi huungua ncha, hasa kama alkalini iko juu. Iache alkalini kwenye 7 hadi 8 dKH.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo tangi linapofia. Pampu ikisimama, vidonge vinalala, na bakteria walio wengi kwenye nafasi ndogo wanamaliza oksijeni haraka. Mkato ukiwa mrefu, hutokea haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu. Umeme ukirudi saa nane usiku nawe umelala, pampu inaisukuma yote kwa samaki.

Dawa yake fundi wa mashine za kusaga anayo. Starta ya mashine, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu, haiwaki yenyewe umeme ukirudi mpaka mtu abonyeze. Mwombe akufungie kontakta ndogo ya namna hiyo kwa pampu za riakta peke yake, si za tangi zima. Kisha weka tii na koki kwenye mdomo wa kutokea. Asubuhi geuza koki kuelekea kwenye ndoo, bonyeza kijani, mwaga maji yote yaliyolala, ndipo urudishe njia ya kawaida. Betri kama unayo, ilishe pampu ya hewa ya samaki kwanza.

Kuhusu matumbawe yenyewe: yale magumu yamo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunataka kibali. Usimtume mtu akuvunjie mwambani.

Na kwa samaki wa maji baridi?

Wengi Katavi watafuga sato au samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, si wa bahari. Riakta hii inafanya kazi kwao pia, ila kichujio cha povu hakifanyi kazi vizuri kwenye maji yasiyo na chumvi. Badala yake pitisha maji yanayotoka kwenye sponji nene na uioshe kila baada ya siku mbili tatu. Kwa sato unaweza hata kuacha vipande vya bakteria viingie tangini kwa kiasi, kwa sababu wanavila. Wafugaji wa biofloki wanatumia molasi kwa kanuni hiyohiyo, wakipuliza hewa usiku na mchana.