Baba na Mwana katika Jeshi la Kaisari

Katika mwaka wa 1889 Hermann von Wissmann alifika Kairo kutafuta askari wa kupigana na Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuukataa utawala wa Wajerumani. Huko aliwaandika Wasudani wapatao 600. Watu hao walikuwa wamelitumikia jeshi la Misri, na Sudani ilipoangukia mikononi mwa Mahdi walibaki bila kazi na bila njia ya kurudi kwao. Wengi walikuja na wake zao na watoto wao. Mwaka wa 1891 kikosi hicho kilifanywa jeshi la Kaisari, na wana wa wageni wale wakakulia katika kambi.

Mmoja wao alikuwa Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1904. Baba yake alikuwa efendi, cheo kikubwa kuliko vyote ambavyo Mwafrika aliweza kupewa. Vita vilipozuka mwaka wa 1914 baba na mwana waliingia vitani pamoja. Mtoto, mwenye umri wa miaka kumi tu, akafundishwa kazi ya kupeleka habari kwa ishara.

Oktoba 1917 majeshi yalikutana Mahiwa, kusini-magharibi ya Lindi, katika vita vikali vya siku nne. Mahjub alijeruhiwa, kisha akatekwa na Waingereza. Jemadari wake, Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma kupitia uwanda wa Wamakonde, akapita Newala, na tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma. Wenyeji wa uwanda huo hawakuwa na ugomvi na upande wowote. Hata hivyo chakula kilichukuliwa katika ghala zao, na mizigo ikawekwa vichwani mwao.

Vita vilikwisha, lakini deni halikulipwa. Mwaka wa 1929 Mahjub, ambaye sasa aliitwa Bayume Mohamed Husen, alifika Berlin. Aliiendea Wizara ya Mambo ya Nje kudai mishahara yake na ya baba yake. Akajibiwa kwamba amechelewa. Akabaki huko, akioa, akihudumu mezani, akifundisha Kiswahili, na kuigiza katika sinema zilizousifu ukoloni. Aliomba pia nishani ya askari wa zamani, akanyimwa.

Mwaka wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mzungu, kosa ambalo sheria za Hitler zililipa jina la kuchafua damu. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kuhukumiwa na mahakama, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Efendi yule alimtoa mwanawe akiamini kuwa utumishi ni mkataba: atumikaye hulindwa. Dola iliuhesabu utumishi ule kuwa haki yake, na ulinzi kuwa hisani, ambayo mwenyewe huitoa apendapo. Tangu mwaka wa 2007 jiwe dogo lenye jina la mwana limo katika njia ya waendao kwa miguu mjini Berlin.