Kalenga na bajeti ya halmashauri

Kalenga ni kata na kijiji kando ya Mto Ruaha Mdogo, magharibi mwa mji wa Iringa. Wengi wanaijua kwa boma la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894, na kwa makumbusho yanamotunzwa fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954. Kalenga pia ni jina la jimbo la uchaguzi ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Iringa, sambamba na Isimani. Makala hii inaeleza fedha za umma za eneo hilo: nani anatoza, nani anapanga, na mageuzi yalibadili nini.

Tanzania si shirikisho, hivyo mkoa hauna baraza la kutunga sheria wala kodi zake. Chini ya Serikali Kuu mwenye uwezo wa kutoza ni halmashauri, kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya 1982. Uwezo huo umewahi kufutwa ukarudishwa. Mwaka 1972 mpango wa Madaraka Mikoani uliziondoa halmashauri na kuwaweka watumishi wa serikali mahali pa madiwani. Sheria za 1982 zikazirudisha, nazo zikaanza kazi 1984. Mara zote mbili, Spika wa Bunge alikuwa Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe na mjukuu wa Mkwawa.

Kodi yenyewe ni kongwe kuliko halmashauri. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, Mkwawa akiwa bado msituni akipigana nao. Waliozaliwa baadaye wanakumbuka zaidi kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima na kusakwa na mgambo njiani na minadani. Ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingi mdogomdogo uliowasumbua watu kuliko ulivyoingiza fedha, na mwaka uliofuata wafanyabiashara wadogo wakapunguziwa mzigo wa leseni. Hazina iliahidi ruzuku ya kufidia vyanzo hivyo, na asilimia 20 yake ilipaswa kushuka hadi vijijini. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimerudia mara nyingi kwamba halmashauri kadhaa hazikuifikisha.

Baada ya hapo, halmashauri ya vijijini kama Iringa ilibaki ikitegemea zaidi ushuru wa mazao kwa mapato yake ya ndani: mahindi, mpunga wa Pawaga na Idodi, nyanya zinazobebwa kwa matenga kuelekea barabara kuu ya Dar es Salaam. Kisheria ushuru huu hulipwa na mnunuzi. Shambani mambo ni mengine, kwa sababu mnunuzi anaupiga hesabu mapema na kuushusha kwenye bei anayompa mkulima. Hadi 2017 ukomo wake ulikuwa asilimia 5 ya bei ya shambani. Bajeti ya 2017/18 iliushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikamwachia bila ushuru anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima alipata nafuu, ila waliotoa nafuu hiyo walikuwa bungeni Dodoma na aliyeilipia alikuwa halmashauri. Huo ndio mwenendo wa mageuzi mengi ya kodi za mitaa: anayefuta chanzo si yeye anayepungukiwa.

Upangaji, kwa maandishi, huanzia chini. Vipaumbele hutoka kwenye kitongoji na mkutano mkuu wa kijiji kwa mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, timu ya menejimenti, Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kisha baraza la madiwani, sekretarieti ya mkoa, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), Hazina na Bunge. Katikati ya safari hiyo hushuka mwongozo wa bajeti wenye ukomo wa kila fungu, na orodha ya kijiji hukatwa ikatoshea ukomo. Mishahara, inayomeza sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri, haiamuliwi na madiwani kabisa.

Mwaka 2013 mageuzi yalifika kwenye kalenda. Awali hotuba ya bajeti ilisomwa Juni na wizara zikajadiliwa hadi Agosti, ilhali mwaka wa fedha umeshaanza Julai 1. Chini ya Spika Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, Bunge liliunda Kamati ya Bajeti na kuanza mjadala Aprili ili matumizi yapitishwe kabla ya Juni kwisha. Waziri wa Fedha alikuwa mbunge wa Kalenga, William Mgimwa, mtu wa benki aliyeteuliwa Mei 2012. Bajeti yake ya 2013/14, ya takriban shilingi trilioni 18.2, ilishusha kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kutoka asilimia 14 hadi 13. Kinachokumbukwa zaidi ni tozo ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu, iliyopingwa vikali hadi ikafutwa. Mgimwa alifariki Pretoria Januari 1, 2014. Kalenda mpya ilidumu, na Sheria ya Bajeti ya 2015 ikaupa mchakato mzima msingi wa kisheria.

Tangu hapo mageuzi yamekuwa hasa ya mifumo: mashine za kukusanyia ushuru badala ya vitabu vya risiti, PlanRep ya kupangia, FFARS ya hesabu za vituo. Kuanzia 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati.

Kifungu kinachogusa kijiji kwa karibu ni cha 2018, kinachoilazimu halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisitishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarejeshwa 2024. Kwa kuwa hukokotolewa kutoka mapato ya ndani, ushuru wa mahindi ukishushwa Dodoma, fungu la kikundi cha wanawake wa Kalenga hupungua pia.