Mvua ya Iringa Iliyopotea Njiani

Wakati huo nilikuwa nasoma Mbeya, na mjomba wangu analima mahindi Iringa. Nikajigamba kwake: nitakupigia hesabu ya mvua ya miji yetu miwili. Programu niliiandika kwa C. Hesabu zenyewe nikaziazima kwenye fanksheni ya zamani ya FORTRAN. Kama ipo na inafanya kazi, ya nini kuandika upya?

Ilikubali mara moja, bila kulalamika. Majibu? Mbeya gharika, Iringa jangwa! Mjomba akaikodolea macho karatasi. "Sasa mpwa wangu, haya mahindi tunayokula yalinyeshewa na nini?"

Kumbe kosa lilikuwa na historia yake. FORTRAN ilitolewa na IBM mwaka 1957, kazi ya John Backus na wenzake. Hiyo hupanga jedwali kwa safu wima: huimaliza ya kwanza ndipo ianze ya pili. C, aliyoiunda Dennis Ritchie huko Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, hupanga kwa safu mlalo. Jedwali langu lilikuwa na miezi 12 kushuka chini, miji 2 kwenda kando. C ikapanga: Januari Mbeya, Januari Iringa, Februari Mbeya, hivyo hivyo hadi mwisho. FORTRAN ikachota namba 12 za kwanza ikidhani zote ni Mbeya. Basi "Mbeya" ikapata Januari hadi Juni ya miji yote miwili. "Iringa" ikaachiwa Julai hadi Desemba, humo humo kilimolala kiangazi chetu.

Wazee hawa bado tunawahitaji. LAPACK, maktaba ya hesabu iliyoandikwa kwa FORTRAN, ilitoka mwaka 1992, na hadi leo programu nyingi za Python hupiga hodi humo. Kiwango cha Fortran 2003 kiliweka hata mkataba rasmi wa kuitana na C. Lakini mkataba haukugeuzii jedwali. Hiyo ni kazi yako mwenyewe.

Nikaligeuza, nikamrudishia mjomba mvua yake. Safari hii alitikisa kichwa, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

Nawe mwenzangu unayeanza kuandika, iwe programu au hadithi, shika hili: kuitikiwa siyo kueleweka.