Profesa Katika Bodi ya Wakurugenzi

Oktoba 1929, Irving Fisher wa Chuo Kikuu cha Yale, mchumi aliyesikilizwa mno nchini Marekani, alitangaza kwamba bei za hisa zimepanda na zitabaki huko juu. Siku chache baadaye soko liliporomoka. Kisa hiki husimuliwa kama kosa la msomi, na upande wa mfanyabiashara husahaulika. Fisher alikuwa amebuni mfumo wa kupanga kadi za ofisini. Mwaka 1925 kampuni yake iliunganishwa na washindani, na hatimaye akawa mkurugenzi na mwanahisa mkubwa wa kampuni ya Remington Rand iliyotokana na muungano huo. Hisa nyingine alizinunua kwa mkopo. Wala hakumdanganya mtu: aliyaamini maneno yake hadi akafilisika, na Yale ikainunua nyumba yake ili aendelee kuishi humo kama mpangaji. Kwa hiyo anayetafuta rushwa katika historia ya maprofesa wa bodi anatafuta mahali pasipo. Maslahi humwingia hata mtu mwaminifu asijihisi, na msikilizaji asiyeyajua maslahi hayo hawezi kuupima ushauri wa mtu huyo.

Wapo watakaosema kwamba mchumi asiyewahi kukaa kwenye kampuni hufundisha mambo ya kubuni, na wana hoja nzito. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliongoza bodi ya kampuni ya bima ya National Mutual tangu 1921 hadi 1938, na sidhani angeyaelewa masoko kwa undani ule bila kazi hiyo. Lakini Keynes alihutubia mkutano wa kampuni kila mwaka akiwa mwenyekiti, na magazeti yakazichapa hotuba hizo. Kila mtu alijua anayesema ameketi wapi.

Martin Feldstein wa Harvard, aliyekuwa mshauri mkuu wa uchumi wa Rais Reagan, alikaa kwenye bodi ya kampuni ya bima ya AIG kwa zaidi ya miaka 20. Septemba 2008 kampuni hiyo, iliyokuwa imeuza dhamana za mikopo bila akiba ya kutosha, iliokolewa na Benki Kuu ya Marekani kwa mkopo wa dola bilioni 85. Si haki kumtwika mkurugenzi mmoja wa nje mzigo wote huo. Hata hivyo, ikiwa mchumi wa kiwango chake hakuweza kuizuia hatari ile, basi jina la profesa kwenye orodha ya wakurugenzi liliwapa wanahisa utulivu usio na msingi. Mwaka 2010 Gerald Epstein na Jessica Carrick-Hagenbarth waliwachunguza wachumi 19 wa masuala ya fedha, wakaona kwamba wengi waliandika kuhusu udhibiti wa mabenki bila kutaja kampuni zilizowalipa. Januari 2012 Chama cha Wachumi cha Marekani kiliwataka waandishi wa majarida yake wataje nyadhifa zao na malipo ya kuanzia dola 10,000 ndani ya miaka mitatu iliyotangulia. Kwenye magazeti na mbele ya kamati za Bunge, ambako sauti ya profesa hugeuza sheria, chama kilitoa wito tu.